Somo: Kuongeza na kupunguza nafasi ya diski kwenye Linux yenye LVM

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Nimeweka Ubuntu Server kwenye diski ya GB 100, mbona df inaonyesha nusu?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Diski yako haijaliwa na mtu (df ni amri inayoonyesha nafasi ya diski). Ukikubali LVM, yaani mfumo wa Linux wa kugawa diski kwa volyumu zinazoweza kubadilishwa ukubwa, bila kubadilisha kitu wakati wa kusakinisha, kwa diski ya ukubwa huo volyumu ya mzizi hupewa karibu nusu, na nafasi nyingine hubaki akiba kwenye kundi la volyumu.

1. Chukua bekapu.

2. Angalia ulichonacho: lsblk, kisha sudo vgs. Tazama safu ya VFree, yaani nafasi ambayo bado haijagawiwa volyumu yoyote.

3. VFree ikiwa na namba, ruka hadi hatua ya 5. Ikiwa 0 na umeikuza diski ya mashine pepe, panua patisheni:
sudo growpart /dev/sda 3
(Kati ya sda na 3 kuna nafasi. Si kosa la uchapaji.)

4. Ijulishe LVM kwamba patisheni imekua: sudo pvresize /dev/sda3

5. Panua volyumu: sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

6. Panua mfumo wa faili. Kwa ext4: sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
Kwa XFS: sudo xfs_growfs /

Huhitaji kuwasha upya seva.

7. KUPUNGUZA. Hapa someni taratibu. Kukuza unaanzia nje kwenda ndani: patisheni, volyumu, mwisho mfumo wa faili. Kupunguza unaanzia ndani kwenda nje. Mimi niliwahi kugeuza mpangilio huo kwenye /home ya mteja, ext4 ya GB 50. Nilianza na lvreduce -L 20G, ikanionya kwamba data inaweza kuharibika, nikajibu y. Baada ya kuwasha upya, /home haikupanda, na dmesg (logi ya kernel) ikaniandikia:

bad geometry: block count 13107200 exceeds size of device (5242880 blocks)

Mfumo wa faili ulijiona bado ni GB 50 ndani ya volyumu ya GB 20. Kilichoniokoa ni kwamba sikuandika chochote kwenye nafasi iliyoachwa. LVM huhifadhi ramani za zamani ndani ya /etc/lvm/archive, nikairudisha ya mwisho kwa vgcfgrestore, na faili zote zikarudi. Ningekuwa nimeshaigawa nafasi ile kwa volyumu nyingine, kazi za watu zingepotea.

Mpangilio sahihi:
sudo umount /home
sudo e2fsck -f /dev/data/home
sudo resize2fs /dev/data/home 18G
sudo lvreduce -L 20G /dev/data/home
sudo resize2fs /dev/data/home
sudo mount /home

Ile 18G ni ya usalama. Resize2fs ya pili inajaza pengo. Na angalia alama: -L 20G ni "iwe 20", -L -20G ni "toa 20". XFS usipange kuipunguza: hamisha data, itengeneze upya.

MASWALI

— Mkuu nimefanya yote, df bado inasoma 49.
Hatua ya 6. Hukuifanya.

— Nataka kupunguza /, seva iko hewani, bekapu sina. Nifanyeje?
Hatua ya 1. Ukishaimaliza, washa kwa flashi ya Linux ufanyie huko. Kabla ya hapo sikupi amri yoyote.

— Samahani kaka, kwa nini kukuza kunawezekana ikiwa inatumika na kupunguza hapana?
Swali zuri sana. Ukikuza, vitalu vipya vinaongezwa mwishoni, hakuna faili inayohama. Ukipunguza, vilivyo mwishoni lazima vihamishwe mbele, na ext4 haiwezi kuvihamisha huku watu wanaandika. Jifunze bila hatari: truncate -s 1G jaribio.img, iunganishe kwa sudo losetup -f --show jaribio.img, kisha pvcreate, vgcreate na lvcreate juu yake. Haribu, rudia. Ukikwama niandikie, tutaipitia pamoja.

— Nyongeza: lvextend -r inafanya hatua ya 5 na 6 pamoja.
Kweli, hata lvreduce inayo -r. Nimezitenganisha ili mtu ajue ni ipi imekwama.

— Mimi nilikuwa naongeza nafasi kila mwezi, kumbe ni logi tu.
Ahsante kwa hili. Wakuu, kabla ya kugusa diski angalieni journalctl --disk-usage. Zikizidi: sudo journalctl --vacuum-size=500M