Atachmenti ya uhandisi: logibuku ijazwe vipi

Atachmenti ni mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi kiwandani, na logibuku ni daftari lake la kurekodi kazi ya kila siku. Ukitaka kuingia kiwandani Mei, barua za kuomba nafasi ziondoke Januari. Viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni, mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria na ya umeme wa maji ya Sondu-Miriu havina nafasi za kumwaga, na wanafunzi wa Egerton, Masinde Muliro na vyuo vya Kisumu wanagombania hizo hizo. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo, matokeo, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali. Bima ikikosekana utaishia getini. Ovaroli na buti za usalama, jipange kununua mwenyewe.

Herman Schneider alipoanzisha mfumo huu wa kuchanganya masomo na kazi ya kiwandani Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, wanafunzi walipokezana: wiki darasani, wiki kiwandani. Swali la karakana lilifika kwa mwalimu lingali moto. Atachmenti yetu ni miezi mitatu mfululizo, kwa hiyo swali lisipoandikwa siku hiyo hiyo limepotea.

“Leo tulitengeneza pampu” si rekodi. Andika hivi:

“Pampu ya maji Na. 2, mota ya kW 7.5, V 415. Swichi imezimwa, kufuli langu limewekwa, mita imesoma 0. Beringi mbili za 6308 zimetolewa. Ya upande wa pampu ina kutu, grisi imekuwa nyeupe kama maziwa. Sili imechakaa. Baada ya kuwasha, fezi tatu: A 12.1, 12.4, 12.2. Swali: sili imeliwa upande mmoja tu; je, shafti imepinda?”

Grisi nyeupe maana yake maji yamepenya sili, yaani kizuizi cha maji. Namba 08 mwishoni mwa 6308, ukizidisha kwa 5, ni kipenyo cha tundu la beringi: milimita 40. Ampea zinazokaribiana zinaonyesha fezi, yaani nyaya tatu za umeme wa mota, zinagawana mzigo sawasawa. Hilo la shafti (mhimili unaozunguka), mpelekee mhadhiri wa mashine chuo kikifunguliwa.

Kosa kubwa ni kujaza wiki nzima Ijumaa jioni. Vipimo vinabuniwa, na mhadhiri akija kukagua hugundua kwa swali moja tu: “Kwa nini?” Supavaiza, msimamizi wako kiwandani, naye asainishwe kila wiki; akienda likizo kurasa zikiwa hazina saini, hakuna wa kukutetea.

Ukifagia karakana mwezi mzima, usinung'unike pembeni. Mwandikie supavaiza ratiba fupi: wiki nne mekanika, nne umeme, nne vifaa vya kupimia. Fundi mkuu hukubali haraka akiona umeshampangia.

Kila Jumamosi piga picha kurasa zako, maana mafuta hula karatasi. Picha za mitambo, omba ruhusa kwanza.