Somo: Kugeuza fumbo la maneno kuwa mlinganyo

Wengi wanaosema "milinganyo inanishinda" hawashindwi na milinganyo. Wape 3x + 4 = 19 uone, wataimaliza sasa hivi. Kinachowashinda ni kusoma fumbo, kwa hiyo somo hili ni la kusoma kuliko la kukokotoa.

Tushike fumbo moja: Kaka anamzidi mdogo wake miaka 6. Miaka 4 ijayo, umri wa kaka utakuwa mara mbili ya umri wa mdogo wake. Sasa hivi kila mmoja ana miaka mingapi?

Hatua ya 1. Soma hadi mwisho kabla hujashika kalamu. Kinachoulizwa huwa kimekaa mwishoni.

Hatua ya 2. Ipe herufi maana kwa sentensi kamili. Usiandike "m = mdogo". Andika "m ni umri wa mdogo sasa, kwa miaka". Usidharau "sasa" na "miaka". Ndiyo maneno yatakayokuokoa mbele.

Hatua ya 3. Mengine yote yaandike kwa herufi hiyohiyo. Kaka sasa ni m + 6. Miaka 4 ijayo mdogo atakuwa m + 4, na kaka m + 10.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo lugha yetu inapotega. "Kaka anamzidi mdogo" inakupa m + 6. "Kaka anazidiwa na mdogo" inakupa m − 6. Kitenzi ni kilekile, kimegeuzwa tu kuwa cha kutendwa, na alama nayo imegeuka. "5 pungufu ya namba" ni x − 5, ingawa 5 ndiyo iliyotajwa kwanza. Ukiandika kwa kufuata mpangilio wa maneno utapata 5 − x, na umeshapotea. "Mara tatu ya jumla ya namba na 4" ni 3(x + 4), lakini "jumla ya 4 na mara tatu ya namba" ni 3x + 4. Mimi nikiona "jumla" au "tofauti" imetanguliwa na "mara" au "nusu ya", naweka mabano kwanza, kufikiri baadaye.

Hatua ya 4. Tafuta vitu viwili vinavyolingana. Mara nyingi vimeunganishwa na "ni", "itakuwa" au "sawa na". Alama ya = ilianzishwa mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales, aliyechora vistari viwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Usiiweke basi mahali ambapo pande mbili hazijalingana. Kwetu sisi: m + 10 = 2(m + 4). Fungua mabano, m + 10 = 2m + 8, hivyo m = 2. Mdogo ana miaka 2, kaka 8.

Hatua ya 5. Kagua kwenye fumbo, si kwenye mlinganyo. Miaka 4 ijayo watakuwa na 6 na 12, sawa. Aliyesahau kumwongezea mdogo miaka yake huandika m + 10 = 2m, akapata 10, na ile 10 inaingia kwenye mlinganyo wake bila ubishi. Irudishe kwenye fumbo: mmoja 14, mwingine 20. Imekataa.

Mafumbo mengine hutaka herufi mbili, kwa sababu kitu kimoja kinabadilika kadiri kingine kinavyobadilika. Mshumaa unapungua kwa kasi ileile. Saa 2 baada ya kuwashwa una sentimita 19. Saa 5 baada ya kuwashwa una 13. Kwa saa 3 umepungua sentimita 6, yaani 2 kila saa. Rudi nyuma saa 2 za mwanzo: 19 + 4 = 23. Urefu ni u = 23 − 2t, ambapo t ni saa tangu uwashwe, si saa ya ukutani. Na usiupeleke mlinganyo huu zaidi ya t = 11.5, baada ya hapo urefu unakuwa hasi, na mshumaa hasi haupo.

MASWALI

Swali: Kila mwalimu ana wanafunzi 6. Niliandika 6w = m nikakoseshwa. Kwa nini?
Jibu: Umeisoma w kama "wanafunzi", kumbe ni idadi ya wanafunzi, na m ni idadi ya walimu. Jaribu kwa walimu 10: wanafunzi ni 60. Ukiweka w = 60 kwenye mlinganyo wako, walimu wanakuwa 360. Sahihi ni w = 6m. Kosa hili huwapata hata wazuri wa hesabu.

Swali: Mtu anatembea kilomita 5 kwa saa. Dakika 40 baadaye mwenye baiskeli anamfuata kwa kilomita 15 kwa saa. Mtu huyo atakuwa ametembea muda gani, t, atakapofikiwa? Nimeandika 5t = 15(t − 40), jibu likatoka 60.
Jibu: Kwa hiyo ametembea saa 60, kilomita 300! Kasi iko kwa saa, wewe umetoa dakika. Dakika 40 ni 2/3 ya saa: 5t = 15(t − 2/3), t = 1. Wanakutana kwenye kilomita ya 5.

Swali: Kuna mahali hasa tunapoikuta milinganyo hii nje ya mitihani?
Jibu: Kwenye kipimajoto. Maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Farenhaiti, na huchemka kwenye 100, ambayo ni 212. Nyuzi 100 za huku ni 180 za kule, yaani 1.8 kwa kila moja. Basi F = 1.8C + 32. Ni njia ileile ya mshumaa.

Swali: Kaka anamzidi mdogo miaka 6, baada ya miaka mingapi atamzidi 8? Herufi zote zimefutika, nimebaki na 6 = 8.
Jibu: Hujakosea. Fumbo linakwambia siku hiyo haitafika.