Kabla hujalaumu printa, angalia mwangaza wa monita yako

Kuna picha nilichora kwa kompyuta ya shosho wa mteja mmoja, ngozi nikaipa ile kahawia ya joto yenye wekundu kidogo kwa mashavu, kwa skrini inapendeza kabisa, nikaipeleka River Road, Nairobi, iprintiwe A2. Ikatoka uso giza tupu, mikunjo ya macho imemezwa, leso imekua kama ya matope. Nikashuku wino, kumbe shida ilikua mezani kwangu. Monita ilikua inawaka kama taa za gari usiku, kwa hivyo kila rangi niliiteremsha ndio ikae sawa machoni, na karatasi haina taa ndani yake.

Watu wakiskia kukalibreti monita, yaani kuirekebisha ionyeshe rangi inavyofaa, wanakimbilia rangi, mimi nakuambia anza na mwangaza, hapo ndio wengi wetu tunaharibikiwa.

Washa monita uiache nusu saa ipate joto kabla hujagusa chochote, na stima ikipotea ikarudi baadaye anza kuhesabu upya. Zima vitu vyote vinavyobadilisha skrini bila kukuuliza: ile setingi ya usiku inayoleta umanjano, ile inayopandisha na kushusha mwangaza yenyewe, modi za gemu na sinema.

Alafu chumba. Kama dirisha lako linaangalia magharibi, kuanzia saa tisa jua la Nairobi linaingia mpaka kwa meza, na kufika saa moja ni giza, hauwezi kuamini macho yaleyale masaa yote hayo. Funga pazia, tumia balbu nyeupe, sio ya manjano, na isimulike skrini moja kwa moja. Kama ukuta ulio nyuma yako ni wa chungwa, hiyo rangi inarudi kwa kioo, na tishati nyekundu pia.

Sasa mwangaza wenyewe. Monita nyingi zinaweza kufika niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) na zaidi, lakini kwa kazi ya kuprinti tunatafuta kati ya 80 na 120. Kama hauna kifaa cha kupima, fungua kanvasi nyeupe tupu, shika karatasi ya A4 kando ya skrini ikipigwa na taa ya chumba, shusha mwangaza pole pole mpaka hizo nyeupe mbili zikaribiane. Namba ya mwangaza kwa menyu ya monita yangu, sio niti, ilikua 85 nikaishia 30. Siku mbili za kwanza utaona kama skrini inakufa, vumilia, macho yanazoea.

Ukitoka hapo angalia weusi. Jaza kanvasi nyeusi ya 0 (0 ni weusi kabisa, 255 ni weupe kabisa), chora viboksi vya 5, 10, 15 na 20. Cha 10 kionekane kwa shida, cha 20 bila shida. Weusi ukiwa wa kijivujivu na unatumia kebo ya HDMI, ingia kwa setingi za kadi ya video uangalie kama inatuma 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Usiruke hii hatua hata kama una haraka, kwa sababu vivuli vya ngozi nyeusi vinakaa huko chini, na skrini ikivimeza utaendelea kuviinua mpaka uso ukuwe wa majivu.

Nyeupe iwe 6500K (hiyo namba inasema nyeupe inaelekea manjano au buluu), ndio kipimo cha sRGB, mpango wa rangi wa skrini nyingi, tangu HP na Microsoft walipoitoa 1996. Kama menyu ya monita ina modi ya sRGB chukua hiyo, ila zingine zinakufungia mwangaza, ikiwa hivyo rudi uweke 6500 mwenyewe. Itaonekana ya manjano kwanza, usiilinganishe na simu.

Gama, yaani vile skrini inapanda kutoka weusi hadi weupe, ni 2.2. Kwa Windows andika dccw pale kwa kutafuta, itakuongoza hatua kwa hatua, na Mac iko kwa setingi za skrini. Ukitaka kuhakikisha, chora mistari ya pikseli moja, nyeusi nyeupe nyeusi nyeupe, weka kiboksi cha kijivu cha 186 katikati, zumu 100%, kaa mbali kidogo: kiboksi kinafaa kuyeyukia kwa mistari.

Macho yana mwisho lakini, kwa sababu yanazoea chochote unachoyapa. Mkiwa wasanii wanne changeni mnunue kolorimita moja, kifaa cha kupima rangi za skrini, mzungushe kila mwezi, programu ya DisplayCAL ni ya bure. Iambie 6500K, gama 2.2, niti 120 au chini. Profaili itakayotoka, yaani maelezo ya rangi za monita, ni ya hiyo monita peke yake, usimpe mwenzako hata kama modeli ni moja, na usiiweke ndani ya faili ya picha, kanvasi yako ibaki sRGB.

Na kama ulinunua monita ya mtumba kule Luthuli, Nairobi, na ukisogeza kichwa kidogo weusi unageuka, hiyo mara nyingi ni paneli ya TN, aina ya skrini inayobadilika ukiiangalia kwa pembe, hakuna kukalibreti kutakakoiponya, tafuta IPS, aina isiyobadilika sana hivyo.

Ukimaliza printi uso peke yake, A5, karatasi ileile na printa ileile, uuangalie karibu na dirisha saa nne asubuhi. Ya shosho niliirudia hivyo mara mbili, ya pili mikunjo ya macho ikaonekana yote.