Jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe Nairobi bila kukuta mlango umefungwa

Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu kwenye mkutano wake wa kwanza wa AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mimi nina miaka sita sijagusa kitu, nikadhani nitamwelekeza kwa simu tu afike. Wapi! Sasa jirani naye ameniuliza, basi naandika njia tuliyopita.

Hatua ya 1: Mtazame mikono asubuhi

Kama ni mtu wa kutoa loki, yaani kunywa tena asubuhi, kabla ya chai ndipo mikono itulie, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku unaweza kumwangusha kwa degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine siku ya pili au ya tatu huanza kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hapo. Aende hospitali kwanza, aseme kiasi anachokunywa bila kupunguza, apewe dawa za kumvusha. Kikundi kitamngoja.

Na zile dawa za kwenye mabango ya nguzo za stima, za kumtilia mtu kwenye supu asijue, ziache hapo hapo. Hospitalini ipo dawa inayomfanya mtu augue akinywa, lakini hata hiyo hupewa anayejua anachomeza.

Hatua ya 2: Piga 1192

Ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo. Taja kaunti na mtaa, kisha sema wazi kwamba unatafuta kikundi cha kukutana. Usipofafanua, mazungumzo huenda yakaishia kwenye rihabu za kulala na bei zake.

Hatua ya 3: Hakikisha mkutano upo

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipoteketea. Niliona kwenye intaneti orodha ya mikutano, nikachagua ukumbi ulio nyuma ya kanisa, saa tano asubuhi. Tukapanda matatu mbili. Getini askari akauliza tunakwenda wapi. Kwa aibu nikanong'ona, "Kwa wale watu wa pombe." Akanitazama juu hadi chini: "Hapa ni kanisani, mzee." Ndani ya ukumbi tulikuta kamati ya harusi. Shemeji hakusema neno, ila niliona macho yake yakivuka barabara hadi kwenye baa iliyokuwa ikifungua. Nikamshika mkono tukatafute chai. Baadaye nilikuja kujua kwamba kikundi kilihama chumba na saa miezi kadhaa nyuma, na aliyeandika orodha hakurudi kuirekebisha.

Kwa hiyo usiamini orodha yoyote isiyo na tarehe. Ongea na mtu wa kikundi chenyewe kwa sauti, siku moja kabla. Ujumbe wa maandishi siupendi kwa kazi hii, maana mtu hukujibu "karibu sana" bila kukuambia mlango uko wapi. Muulize mlango gani hasa, si jina la jengo tu. Muulize kama mkutano ni wa wazi au uliofungwa: wa wazi yeyote anaweza kuketi, hata mke au dada aliyemsindikiza, uliofungwa ni wa wenye tatizo lenyewe tu. (Mke wa shemeji nilimtafutia Al-Anon, ambayo ni ya jamaa za walevi. Huko nako ulizia saa.) Muulize lugha. Nairobi utakuta mikutano ya Kiingereza kitupu, na mtu asiyekizoea hukaa saa nzima akitikisa kichwa bila kuambulia kitu.

Getini sema "mkutano wa AA" basi, usianze kujieleza. Askari akishangaa, mpigie yule uliyeongea naye aje akupokee.

La mwisho, na hili ndilo lingeniokoa: toka nyumbani ukiwa na mkutano wa pili mfukoni, wa siku hiyo hiyo. Ikishindikana kabisa, ipo mikutano ya mtandaoni. Mimi naiona kama uji wa mgonjwa, inashikilia roho tu, lakini siku ile ningeikumbuka tungeketi kwenye ngazi za kibanda cha chai tukasikiliza kwa simu.

Hatua ya 4: Ingieni

Jina la kwanza linatosha. Hakuna ada, kapu likipita, anayetaka anatia. Si lazima kusema chochote. Sharti pekee ni kutaka kuacha kunywa. Na ukumbi kuwa wa kanisa hakufanyi mkutano kuwa ibada. Kwenye kikundi changu Waislamu wapo, na mmoja ndiye hutupikia chai.

Hatua ya 5: Rudini, na muondoke na namba

Vikundi havifanani. Ajaribu vitatu kabla ya kusema havimfai. Mdhamini, yaani mwanachama aliyetangulia kuacha anayemshika mgeni mkono, asimkimbilie siku ya kwanza, na akimchagua, mwanamume amchague mwanamume, mwanamke mwanamke. Kwanza apate namba mbili tatu za simu, na moja aipige jioni hiyo hiyo akiwa mzima, hata kama ni kusalimu tu. Kumpigia mtu mara ya kwanza huku kiu imekushika ni kazi ngumu mno. Shemeji aliandika zake nyuma ya risiti ya supamaketi. Jumanne saa kumi na moja, saa yake ya kupitia baa akitoka kazini, alimpigia wa pili kwenye orodha. Wa kwanza hakushika.