Kutuliza inflamesheni wakati wa kutoa kizazi: dawa za usingizi zitangulie kisu

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa usingizi wa hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao na vituo vya afya vya Mtwara na Lindi vyenye chumba cha upasuaji. Mifano yote ni ya mama wa kilo 60 anayetolewa kizazi kwa kupasuliwa tumbo.

Tishu zikikatwa humwaga kemikali kama interlukini-6, zinazoleta inflamesheni (uvimbe, joto na maumivu ya mwili kujibu jeraha). Mishipa midogo huvuja, neva huwa kali, utumbo huchelewa kuamka. Jeraha linahitaji kiasi fulani cha hali hiyo ili lipone. Tunachopunguza ni ile ziada. Antibayotiki za kabla ya upasuaji zinabaki palepale, maana dawa za mwongozo huu haziui bakteria.

Ganzi ya mgongo huzuia taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo, hivyo homoni ya kortisoli haipandi sana. Lakini kemikali za kwenye jeraha lenyewe haizigusi sana. Kwa hiyo ongeza deksamethasoni (steroidi ya kutuliza inflamesheni) mg 8 kwenye mshipa, ganzi ikishashika au mgonjwa akishalala. Ukiisukuma haraka akiwa macho, atahisi mwasho mkali sehemu za siri. Mwenye kisukari apimwe sukari baadaye, kwa kuwa itapanda.

Ketamini (dawa ya usingizi na maumivu) ya dozi ndogo, mg 0.5 kwa kilo, inafaa kwa anayelazwa usingizi kamili. Vuta ml 1 ya mg 50, ongeza maji ya chumvi ifike ml 5, kisha mpe ml 3 kabla ya kisu. Mwenye presha isiyotulia, iache.

Lignokeini (dawa ya ganzi) ya mshipani ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote. Soma chupa mara mbili: iwe 2% (mg 20 kwa kila ml), isiyo na adrenalini wala kihifadhi. Ile ya meno haifai kabisa. Hesabu kwa uzito unaolingana na urefu (sentimita toa 105), kwani kwa mama mnene uzito wa mizani huzidisha dozi. Usimpe aliye chini ya kilo 40, mwenye kifafa, moyo wenye hitilafu ya umeme, au ini lililochoka.

Dozi ya kuanzia ni mg 1.5 kwa kilo, yaani mg 90, sawa na ml 4.5. Ipite kwa dakika 10. Kisha pampu iendeshe ml 4.5 kwa saa. Kwa mgonjwa yeyote usivuke mg 120 kwa saa. Huna pampu? Usikadirie kwa matone ya dripu, acha. Umeme wetu hukatika, kwa hiyo hakikisha betri ya pampu inashika kabla hujaanza.

Kosa la kawaida hutokea mwishoni: daktari anachoma bupivakeini (ganzi nyingine) kwenye kidonda huku lignokeini ingali inapita, sumu mbili zinajumlishana. Kubalianeni mapema nani anatumia ganzi. Anayepewa lignokeini ya mshipani asichomwe ganzi nyingine ya kidonda mpaka saa 4 zipite.

Lignokeini ikizidi mwilini, aliye macho atakwambia midomo imekufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma. Aliyelala hasemi kitu. Utaona tu kwenye monita, mapigo yakiharibika na presha ikishuka. Zima pampu, toa oksijeni, dhibiti degedege kwa diazepamu, kisha mpe mafuta ya mshipani 20%, ml 1.5 kwa kilo (ml 90), kwa dakika 2 hadi 3. Kama mafuta hayo hayapo kabatini, pampu ya lignokeini isiwashwe. Propofoli (dawa ya kulaza usingizi) ni nyeupe kama hayo mafuta, lakini haishiki nafasi yake: itamshusha presha zaidi.