Somo: Upasuaji wa fizi, kuanzia ganzi hadi kutolewa nyuzi

Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja, si daktari. Nimepasuliwa fizi Kampala, na maswali yamekuwa mengi, kwa hiyo nayajibu kwa pamoja.

Hatua ya 1: Upimwe kwanza. Mwaka mzima fizi zilikuwa zinatoka damu, nikawa napewa antibiotiki kwenye kliniki moja. Damu inakata, halafu inarudi. Ugaga (ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno) uliojificha chini ya fizi hauondoki kwa vidonge. Daktari wa meno hupima vifuko kati ya jino na ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Fizi zenye afya husoma 1 hadi 3. Yangu ilisoma 7 kwenye magego ya chini. Hata hivyo alianza kwa kukwangua mizizi, akaniambia nirudi baada ya wiki 6. Sehemu zilizobaki na kina kirefu na kutoka damu ndizo alizopasua. Ukiambiwa upasuliwe bila kupimwa hivyo, beba mkoba wako utafute mwingine.

Hatua ya 2: Sema dawa zako zote, hasa za kisukari, presha na za kuzuia damu kuganda. Usiache yoyote kwa uamuzi wako.

Hatua ya 3: Siku yenyewe. Kula asubuhi, kwa sababu ni sindano ya ganzi tu, hulazwi usingizi. Anachanja ufizi, anaufunua kama pindo la gauni, anakwangua ugaga hadi kwenye mzizi, anaosha, anaurudisha na kushona. Unasikia mkwaruzo kichwani, siyo maumivu. Nyumbani nilichukua kioo nikaikagua mishono: imelingana, hata mimi nisingeitoa kasoro. (Kwenye taksi kondakta alidhani nimelewa, mdomo ulivyopinda.)

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kabla ganzi haijaisha. Barafu iliyofungwa kitambaani, juu ya shavu, dakika 20, pumzika, rudia. Lalia mito miwili. Mate kuwa na damu kidogo ni kawaida, ila usiteme kwa nguvu. Ikizidi, bana kitambaa cha kidonda (gozi) kilicholowa maji dakika 20 bila kuchungulia-chungulia.

Hatua ya 5: Wiki mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kula matoke yaliyopondwa, uji uliopoa, mayai laini. Karanga, mahindi ya kuchoma na pilipili zisubiri. Sigara hapana kabisa, waragi pia. Palipopasuliwa usipige mswaki. Sukutua taratibu kwa klorheksidini (dawa ya maji ya kuua vijidudu mdomoni) mara 2 kwa siku. Nyuzi zangu zilitolewa siku ya 10.

MASWALI

*Dada, fizi zangu zimeshuka, meno yanaonekana marefu na maji baridi yanachoma. Nimeharibiwa? (Mbale)*
Hapana, ndugu yangu. Uvimbe umeisha, ndiyo maana mizizi imeonekana. Tumia dawa ya meno ya kupunguza kuchoma. Ila urefu huo utabaki, zoea.

*Meno yangu yamekuwa ya kahawia! (Entebbe)*
Ni hiyo klorheksidini, na chai inazidisha. Daktari husugua madoa hayo yakatoka.

*Mama yangu ana kisukari, anaweza kupasuliwa? (Arua)*
Anaweza, sukari ikishatulia. Ikiwa juu, kidonda hukawia kupona na huingia vijidudu upesi. Mwende na majibu yake ya karibuni.

*Naweza kutumia mswaki wa mti? (Bombo)*
Upande mwingine, sawa. Palipopasuliwa, mpaka daktari aruhusu, tena uanze na mswaki laini. Mimi sasa napitisha vibrashi vidogo kati ya meno kila usiku na narudi kusafishwa kila miezi 3.

*Leo siku ya 4, shavu linazidi kuvimba, nina homa na kuna ladha ya usaha. Nisubiri siku ya nyuzi? (Jinja)*
Usisubiri, mdogo wangu. Nenda leo hii, na kama huna wa kukusindikiza pitia dukani kwangu tuondoke wote.