Kuondoa chembe nano za metali kwenye maji: anza na shabu (chumvi ya alumini ya kusafishia maji), chujio baadaye

Wengi hapa Kampala wakisikia chembe nano huuliza kwanza bei ya chujio. Chembe ya fedha au ya titani dioksidi ina upana wa nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mwanya kati ya punje za mchanga ni mkubwa kuipita mara elfu na zaidi, kwa hiyo itapita tu, mpaka ishikane na wenzake.

1. Chota maji ya ziwa, lita moja katika kila chombo, vyombo sita. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji.

2. Yeyusha gramu 10 za shabu katika lita 1 ya maji safi. Mililita 1 ya hayo ni miligramu 10 za shabu. Tia mililita 1 chombo cha kwanza, 2 cha pili, hadi 6.

Kazi yenyewe iko hapa. Chembe hizi kwa kawaida zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana hazizami. Shabu huituliza chaji hiyo, na pH ikiwa kama 6 hadi 7.5 hutoa ute wa alumini unaozizoa ukishuka. Shabu hushusha pH. Ikishuka mno, ongeza chokaa kidogo.

3. Koroga kwa nguvu dakika 1, kisha polepole dakika 20. Mkono wa haraka huvunja mabonge (wanafunzi wangu hawasikii hili).

4. Yaache nusu saa. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichong'arisha maji, ndicho utakachotumia kwa maji yote, lakini usiyaamini macho: peleka sampuli maabara wapime metali.

5. Maji yaliyotulia yapitishe kwenye mchanga, halafu tia klorini. Mwenye umeme na pesa aongeze utando wenye vitundu vya makumi ya nanomita.

Metali sasa imo kwenye tope. Usilirudishe ziwani.

MASWALI

Mwalimu, nikichemsha je?
Unaua vijidudu tu. Maji yanapungua, metali inabaki ileile.

Huku Ggaba ziwa likiwa kijani, shabu haitoshi. Kwa nini?
Mwani na mabaki ya mimea huzivika chembe koti, zikazidi kusukumana, na yenyewe pia hula shabu. Rudia jaribio siku hiyohiyo, ndugu. Kipimo cha mwezi uliopita hakifai.

Na oksidi ya zinki?
Hiyo sumbufu. Sehemu yake huyeyuka ikawa ayoni, yaani zinki yenye chaji iliyoyeyuka majini, na ayoni shabu haiikamati vizuri. Hapo utapandisha pH kwa chokaa mpaka zinki igeuke chembe ngumu, uichuje, ndipo uishushe pH tena kabla maji hayajaenda bombani.